Jina la Januari

Kila Januari, kila nyumba iliruhusiwa kuiomba Hifadhi ya Koo itafute ndugu mmoja tu kwa mwaka ule. Miaka yote mama yake Sikudhani alichagua mababu waliokwisha kufa. Safari hii Sikudhani aliandika jina la mama mkubwa Mwanakombo, aliyehama Pangani zamani.

Machi jibu likaja: yu hai, yuko Mpanda. Naye kila Januari alimtafuta mdogo wake, ambaye kila mara Hifadhi ilipomuuliza alikataa kuonekana.

"Kwa nini, mama?"

Mama aliendelea kupepeta mchele. "Nilimfukuza mimi. Niliogopa atanisuta."

"Nimjibu nini sasa?"

"Mwambie aje. Nitamtandikia kitanda changu."

Sikudhani akaandika. Mama akauweka ungo chini, akasogea karibu kungoja jibu.