Mtoto Asiyegeuka

Simu ilikuwa bado sikioni mtafiti alipofungua mlango wa nyumbani kwake.

"Hongera, Daktari! Makala yako ya makuzi ya watoto sasa inanukuliwa dunia nzima!"

"Asante," alisema, akakata.

Mwanawe alikuwa sakafuni, anapanga vikombe vya plastiki.

"Baba, mama kaja," alimwita mwanawe.

Kikombe kikapanda juu ya kikombe. Mtoto hakugeuka.

"Huyo katulia kama maji ya mtungi," bibi wa mtoto alicheka kutoka jikoni. "Hata ukihama leo hatakuulizia!"

Makala yenyewe ilisema hivi: mtoto asiyegeuka mama anaporudi hajatulia, amechoka kungoja.

Machozi hayakuja. Alitoka, akaurudisha mlango taratibu, akasimama nje, mkoba ukimning'inia begani.

Kisha akapiga hodi.