Tupa Chini, Akot

"Mabati yangu tena! Nyinyi watu mnataka nini na mimi?"

"Pole, bwana," kocha akasema. "Huyu iko na nguvu mingi."

"Nguvu yake apeleke kwake! Mvua ikinyesha unga wangu si utakuwa uji?"

Cleopas, Mkenya mwenye stoo ya unga pale Nateete, Kampala, alikuwa ananyoosha kidole kwenye tundu jipya juu ya kichwa chake. Tufe la chuma lilikuwa limetoboa bati, likaanguka nje, likakosa mbuzi wa jirani kidogo tu. Akot, msichana konstebo mwenye mabega mapana kama mlango, alisimama pembeni anazuia kicheko.

Kocha wake, Sajini Oloya, akamgeukia. "Nimekwambia tupa chini! Huko Ulaya mnashindana ndani ya nyumba. Ukigonga paa, hawahesabu."

"Lakini mzee, nikitupa chini haliendi mbali."

"Litaenda. Tupa chini."

Kambini walimcheka Oloya. Mzee wa viwanja vya nyasi, nyumba za Ulaya atazijulia wapi? Akot hakubisha. Alitaka medali kuliko chakula. Bila medali angezeekea getini Kansanga, anafungulia wakubwa.

Tena Meja Marjan, mkubwa wa michezo, alikuwa amekuja na Benzi yake siku Akot alipochaguliwa. Akamwangalia chini mpaka juu. "Ukileta medali, nitakupokea Entebbe mimi mwenyewe. Kama Laker."

Laker alileta medali ya kuruka juu mwaka uliopita. Akapewa maua, akaingia Benzi. Tangu siku hiyo hakuonekana tena. Walisema amepewa nyumba kubwa sana. Mama yake tu ndiye alikuwa bado anauliza hiyo nyumba iko wapi.

Kesho yake, baada ya maneno hayo ya Meja, ndipo Oloya alipokwenda kumwomba Cleopas stoo ya kufanyia mazoezi.

Mpaka siku ya safari, Akot alikuwa anatupa ukuta kwa ukuta bila kugusa bati hata moja. Cleopas mwenyewe alipiga makofi.

Huko Ulaya Akot aliingia ukumbini, akainua macho. Paa lilikuwa juu kama mbingu. Njiwa walikuwa wanaruka humo ndani, banange! Wanawake wa Kizungu walikuwa wanatupa juu, juu kabisa, na hakuna aliyegonga kitu.

Akajaribu kubadili. Mkono ukakataa. Mara ya kwanza chini. Ya pili chini. Ya tatu, chini zaidi. Akawa wa mwisho.

Entebbe, Meja Marjan alikuwa anangoja karibu na ngazi ya ndege, maua mkononi, mlango wa Benzi wazi.

"Medali iko wapi?"

"Hakuna, afande," Oloya akadakia. "Alikuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa."

Meja akamwangalia Akot kama ng'ombe mgonjwa mnadani. Akamtupia dereva maua, akaingia, mlango pa! Wakaenda.

Akot akalipuka palepale. "Umeniua, mzee! Paa liko kule juu, wewe unanifundisha kutupa kama nafukuza kuku! Ungeshindwa nini kuuliza mtu aliyewahi kufika?"

"Nimewahi kufika," Oloya akasema. "Ukumbi uleule. Nilitupa mle mara mbili, wewe bado uko shule."

Akaitazama barabara ilikopotelea Benzi, akaokota begi lake, akageuka, akaenda zake.