Zulia Lisilo na Kwao

Sheria inataka kila kitu cha kale kirudishwe kwao. Maafisa walipofika nyumbani kwetu Tanga, walielekeza kipimo cha asili kwenye zulia la ukutani la marehemu bibi yangu: Wachina wenye miavuli, waliofumwa na Wafaransa ambao China hawakuwahi kufika.

"China wamelikataa, Ufaransa nao wamelikataa," afisa mmoja alisema. "Kisicho na kwao huchomwa."

"Nani kawaambia lipo hapa?" niliuliza.

Shekue, mume wangu, akainamisha kichwa. Ndipo nikaelewa kwa nini tangu asubuhi alikuwa ametoa vikombe vya wageni.

Afisa alilikunja zulia, kisha akanigeuzia mimi kipimo.

"Samahani, Bi Mwanakheri. Mama Mngazija, baba Mbulushi, siyo? Mumeo ametutajia vitu viwili."