Mbuzi ya Nazi na Mashine ya Mkaa

Kitu kisichoguswa mwezi mzima ni taka. Ndivyo sheria inavyosema. Kila alfajiri mashine ya jikoni hupitisha mkono wake nyumba nzima, ikazikusanya taka, ikazisaga na kuzigandamiza kuwa mkaa, na ni kwa mkaa huo tu nyumba inaruhusiwa kupika.

Nyamizi alikataa kuchoma vitu vyake. Kila Ijumaa, akishatandika kitanda, alizunguka akivigusa: kinu, mkeka wa harusi, kofia ya marehemu mumewe. Mbuzi ya nazi aliikalia kabisa, ingawa nazi siku hizi huja kwenye pakiti.

"Mkaa umebaki kiganja," alisema mama mkwe wake, Bi Mwanjaa, kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Iache hiyo mbuzi ichukuliwe, tupate uji wa moto."

"Tutakunywa wa baridi, Mama. Hii mbuzi haitoki humu ndani mimi nikiwapo."

"Una kichwa kigumu."

"Nimejifunza kwako."

Bikizee alicheka kidogo. Nyamizi akagusa pazia, akagusa mwiko wa zamani, akachukua mkoba wake aende kazini.

"Mwanangu," Bi Mwanjaa aliita taratibu. "Mimi hujanigusa."

Nyamizi aligeuka akitaka kucheka. Bikizee alikuwa ameunyoosha mkono, macho yake yakiitazama mashine.

Nyamizi akatua mkoba. Aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akijaribu kukumbuka alimgusa lini mara ya mwisho.