Visigino Chini

"Visigino!" Bi Mize alifoka. "Visigino chini, Sadallah! Umechuchumaa kama kuku anayetaga."

Sadallah alishusha visigino. Kila mkono ulishika mawe mawili ya mizani, la ratili kumi na nne na la ratili saba, yamefungwa pamoja kwa kamba. Yalikuwa mawe ya chuma ya duka la marehemu baba yake pale Dunda, lililofungwa tangu mwaka wa pili wa vita. Mguu wake wa kushoto, ule uliorudi kutoka vitani Bama na kovu refu, ulitetemeka.

"Nimechoka, mama."

"Mgongo wima. Magoti yafuate vidole vya miguu, yasitazamane. Yanasemezana nini hayo? Haya, panda. Pumua!"

Zoezi hilo lilitoka kwa Mwinyimvua, dresa wa hospitali. "Mguu umepona, Bi Mize," dresa alimwambia. "Kilichobaki ni uvivu." Bi Mize alirudi nyumbani na hasira ambayo haikumtoka tena. Miezi minane mwanawe alikuwa amelala ametazama ukuta, analetewa chakula kitandani kama mzazi aliyejifungua jana. Asubuhi ile alimvutia shuka mpaka chini.

"Kuna kazi," alisema. "Ya watu watatu, kila mmoja na theluthi yake. Wawili nimekwisha wapata, Alawi na Mwinyijuma, watoto wa dada yangu. Wa katikati ni wewe. Ukishindwa ataingia mtu baki, na mimi mtu baki simtaki."

"Kazi gani?"

"Kupokea mzigo na kuuweka chini. Mtu mzima na akili zako unaulizauliza nini? Chuchumaa."

Sadallah hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kila Alhamisi mama yake alikwenda ghala la mbata, penye mizani kubwa ya magunia, akarudi amenuna. Bila shaka alikuwa akimbembeleza msimamizi ampokee mwanawe kiwete. Jambo hilo lilimuuma kuliko mguu.

Asubuhi mara kumi na tano, baada ya alasiri mara kumi na tano. Na si uani. Bi Mize alimsimamisha katika uchochoro kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jiko, mwembamba hata viwiko vilikwaruza chokaa. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni juu ya kibao cha mbuzi, mkono tumboni, akihesabu.

"Uani kuna nafasi tele," Sadallah alilalamika.

"Kazini hakuna. Na futa jasho kabla ya kuinama. Sitaki lidondoke."

Siku za kwanza alianguka, akaamka, akatukana kimoyomoyo. Mwezi wa pili mapaja yalishuka hadi yakawa sambamba na ardhi, uzito ukikaa kwenye visigino, mguu umetulia. Akaanza kwenda msikitini bila bakora. Majirani waliozoea kumpa pole sasa walimpa kazi za kuwasogezea mitungi. Alingoja mama yake amwongezee mawe.

Bi Mize alipunguza.

Alhamisi moja alirudi kutoka ghalani, akayafungua mawe ya ratili saba, akafunga ya ratili nne. Sadallah alichuchumaa nayo. Alhamisi ya mwezi uliofuata alirudi tena, akayaondoa na hayo ya nne, akamwachia yale ya kumi na nne matupu.

Sadallah aliyabeba hadi uchochoroni, akachuchumaa mara moja, akasimama. Kisha akalivurumisha moja. Likagonga mtungi, mtungi ukapasuka, maji yakatapakaa hadi miguuni mwa Bi Mize.

"Unanidharau!" alipiga kelele. "Nimepanda na kushuka na ratili ishirini na moja kila mkono, leo unanipa za kitoto! Umewaambia nini huko ghalani? Kwamba mwanao hawezi?"

Bi Mize aliinuka. Alishika ukuta kwanza, akakaza kanga, ambayo siku hizi ilimzunguka kiunoni mara mbili.

"Kazi imepungua uzito," alisema.

"Kazi inapunguaje uzito?"

"Imepungua! Nani anayeijua, mimi au wewe?" Alivisukuma vigae kwa mguu. "Mtungi si kitu. Lakini nisikilize vizuri, Sadallah. Siku ile ukitupa kama ulivyotupa leo, radhi yangu huipati. Mzigo ule hautupwi. Unalazwa. Okota."

Aliokota. Alichuchumaa mara kumi na tano, meno ameyauma, macho hayakumtoka mama yake. Kila aliposhuka aliyaweka mawe kwenye tope bila kutoa mlio. Bi Mize alitafuta kosa, hakuliona.

"Hivyo hivyo," alisema. Akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, kazi yenyewe ikafika. Nafasi ilikuwa nyembamba kama alivyoambiwa. Viwiko vilikwaruza udongo. Alawi alisimama upande mmoja, Mwinyijuma upande wa pili, yeye katikati. Mtu mmoja pale juu alimhurumia mguu wake, akataka kuingia badala yake.

"Mtu baki hatumtaki," Sadallah alimkemea, kwa sauti ya mama yake hasa.

Alitanua miguu kiasi, akakaza mgongo, akafuta uso kabla ya kuinama. Kisha akanyoosha mikono.

Watu walitandaza shuka juu ya kaburi, na chini ya shuka wakamteremsha Bi Mize katika sanda yake. Sadallah alimpokea kiunoni, akashuka naye polepole, visigino chini, akamlaza. Uzito ulikuwa uleule wa mawe ya Alhamisi.