Kopo la Ugomvi

Siku hizi ugomvi wa nyumbani huachwa dukani kwa Mangi, umefungwa kwenye kopo, kama watu wanavyoacha funguo. Tausi na mumewe, Baba Nasra, waliacha ule wa kuhusu mama mkwe wa Tausi, wakabaki kuongeleshana kama wageni, mpaka Tausi akachoka.

"Mangi, nipe mkate na kopo letu."

Mangi alikuwa amezidiwa na foleni, akampa kopo bila kutazama jina.

Walipolifungua, Baba Nasra aling'aka, "Nani kamfungulia mbuzi?" Tausi akashika kiuno, akamjibu, wakabishana mpaka chai ikamwagika, wakaishia kucheka.

"Hivi sisi tuna mbuzi?" Tausi akauliza, akifuta machozi ya kicheko.

Ng'ambo ya ukuta, mke wa jirani mwenye mbuzi alikuwa akimsema mama mkwe wa Tausi, kwa jina lake.