Bolti Kumi na Sita

Bolti ya tatu mke wa dereva aliirudisha mezani.

"Hii sioni namba kichwani," alisema.

Fundi akaigeuza kwenye mwanga, akaifuta grisi, na namba ya nguvu ikajitokeza: kumi nukta tisa. Mke akaisoma mara mbili, kisha akaisogeza upande wa zilizopita.

Kofia ngumu ya mumewe alikuwa ameibana kwapani, na haikuwa ya kutoka hapo mpaka aridhike. Mbio zilikuwa saa nane mchana. Katika mbio zilizopita, gurudumu la mbele la gari la mwenzao lilivuka mstari wa mwisho peke yake, mbele ya wote. Mwenye gari akaishia wodini, na mpaka leo anatembelea magongo. Bolti zake za bei ya kutupa zilikutwa zimekatika kama biskuti. Tangu siku ile mke wa dereva alikuwa na sharti moja: bila kuona kwa macho yake bolti zinazoshika magurudumu na usukani, mume hapandi gari la mbio alilojijengea na fundi, labda apande punda.

Mume alimwambia fundi, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, kwamba kwa mke huyu hata sindano ya cherehani hukaguliwa. Fundi akajibu kuwa shemeji angefaa kukagua ndege. Mke hakucheka. Marehemu baba yake aliuza vyuma miaka thelathini, naye ndiye aliyemfundisha kwamba bolti mbovu hung'aa kuliko zote, kama mchumba mwongo.

Bolti ya tisa ilimsimamisha. Meno yake yalikuwa na mikwaruzo mipya.

"Hii imeshafungwa mahali."

Fundi alijikuna kisogo. Alisema alizijaribu jana, maana hata nguo mpya mtu huipima dukani. Mke akazungusha nati kwa vidole. Ikateleza mpaka mwisho bila kubana. Akamweleza fundi, taratibu kama anayemfunza mtoto kuhesabu, kwamba nati yenye pete ya plastiki ndani hubana mara moja tu, ukishaifungua, tupa. Fundi alimtazama mume. Mume alitazama getini. Ikabidi fundi aende dukani, akarudi na nati kumi na sita mpya, midomo ameivuta.

"Haya, zifunge nikiona."

Zikafungwa. Fundi alivuta spana ya kipimo mpaka ikalia tk, bolti moja baada ya nyingine, na mke akahesabu kila mlio. Ilipotimia kumi na sita akapitisha kidole juu ya kila kichwa, moyo ukamtulia, machozi yakamlengalenga. Alimwambia mumewe kuwa anajua watu wanamsema, ila afadhali aitwe mbishi, aitwe hata mchawi, kuliko aitwe mjane.

Mume alimshika bega.

"Mama watoto, hii roho ni yangu. Unadhani naweza kuichezea?"

Mke akamvisha kofia, akamfunga mkanda wake kidevuni kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka kwenda jukwaani kuwahi kiti cha mbele.

Mume alimpungia mkono mpaka akapotea nyuma ya ukuta. Kisha akaivua kofia, akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele na kuomba spana. Fundi alikuwa ameshavuta kopo la bolti za kila siku, za bei ya kutupa, kutoka chini ya meza.

"Fungua upesi, kaka," alisema. "Mke wa dereva wa gari namba tano keshafika getini, naye atataka kuzikagua hizi hizi."